Fizi na Baraka: Ardhi, Kilimo na Urithi Katika Maneno ya Wenyeji

1. Utangulizi

Katika nchi nyingi mkulima anayetaka kuthibitisha kwamba shamba ni lake hufungua sanduku na kutoa karatasi. Katika nchi ya Fizi, kusini kabisa mwa mkoa wa Kivu ya Kusini, mkulima aghalabu huonyesha mti, kijito au kaburi, kisha hutaja jina. Mti huo ulipandwa na nani? Kijito hicho chaitwaje? Jina hilo lilianza zama za mzee yupi? Hayo ndiyo maswali yanayoulizwa pale wazee wanapokaa barazani kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Kwa hiyo maneno ya wenyeji kuhusu ardhi yao yana uzito wa ushahidi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi sura ya nchi hiyo, kilimo chake na urithi wa watu wake, yakiongozwa na msamiati unaosikika katika Kiswahili cha Baraka na vijiji vilivyo kandokando ya ziwa. Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati huo ni hazina ya maarifa ya kilimo na ya historia, na kwamba vita na uhamisho vilivyoikumba nchi hiyo tangu mwaka 1996 vimeiweka hazina hiyo hatarini kwa namna ambayo takwimu za mavuno haziwezi kuonyesha.

2. Sura ya nchi

Teritwari ya Fizi imegawanyika katika sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Upande wa mashariki imepakana na Ziwa Tanganyika, ambalo lina urefu wa kilometa zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Ni ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi. Uso wa maji yake uko kwenye mwinuko wa takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo nchi hupanda kwa ghafla kuelekea milima ya Mitumba, ambayo ni ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Kaskazini-magharibi husimama safu ya Itombwe, na kusini milima ya Ngandja ambayo huungana na ile ya Kabobo.

Msafiri anayetoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 huliacha ziwa upande wake wa kushoto na milima upande wa kulia. Kati ya viwili hivyo kuna utepe mwembamba wa ardhi tambarare, na ndimo vijiji vingi vilimo. Utepe huo hupanuka karibu na Baraka, pale mto Mutambala unapoingia ziwani. Mbele ya mji huo kuna Rasi ya Ubwari, inayonyosha kidole chake kuelekea kaskazini, na kati ya rasi na nchi kavu maji yametulia katika Ghuba ya Burton. Jina la ghuba hiyo linatokana na Richard Burton, aliyepita hapo pamoja na Speke mwaka 1858 akielekea Uvira. Burton alidhani kwamba Ubwari ni kisiwa. Wabwari wenyewe, ambao huifikia nchi kavu kwa miguu, wasingalifanya kosa hilo.

Kutoka Baraka barabara huliacha ziwa na kupanda hadi Fizi, makao makuu ya teritwari, ambako hewa ni baridi kidogo na udongo una rangi nyingine. Zaidi ya hapo, kuelekea Lulimba na Lulenge, nchi huteremka tena upande wa magharibi, na vijito huelekea mto Luama. Hapa pana jambo la kuvutia kwa mwanafunzi wa jiografia. Luama hutiririka hadi Lualaba. Maji ya mteremko wa mashariki nayo huingia ziwani, kisha hutoka kwa mto Lukuga, karibu na Kalemie, na kuishia Lualaba vilevile. Mvua ya Fizi hugawanyika mlimani ikakutana tena mbali, katika mto mmoja.

Kwa mkulima, nchi hii ina ngazi tatu. Ya kwanza ni nyanda za ziwani, zenye joto, michikichi, muhogo na mpunga katika mabonde yenye maji. Ya pili ni vilima vya kati, vyenye mahindi, karanga, muhogo na migomba. Ya tatu ni nyanda za juu, zenye maharage, mahindi na malisho ya ng'ombe. Jamaa moja huweza kuwa na shamba katika ngazi mbili, na biashara ya masoko ya Baraka, Mboko na Lulimba hutegemea tofauti hizo: mawese na samaki hupanda, maharage na nyama hushuka.

3. Wakazi na Kiswahili chao

Kabila kubwa katika Fizi ni Wabembe, ambao lugha yao ni Ebembe. Masimulizi yao, pamoja na utafiti wa mwanaethnografia Daniel Biebuyck aliyefanya kazi miongoni mwao katika miaka ya 1950, huonyesha kwamba wana undugu na Walega na kwamba waliufikia ufuo kutoka misituni. Waliwakuta au walikaribiana na Wabuyu, Wabwari, Wasanze na Wagoma. Wako pia Wabangubangu upande wa magharibi, Wafuliiru, Warundi, na Wanyamulenge katika nyanda za juu. Watu hawa wote hukutana katika Kiswahili.

Kiswahili kilivuka ziwa katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Ujiji. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, na kumbukumbu yake miongoni mwa wenyeji si tamu. Hata hivyo iliacha lugha, iliacha jumuiya za Waislamu kando ya ziwa, na iliacha majina. Jina la Baraka lenyewe ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. Mapadri Weupe nao walifika ufuo wa magharibi mapema. Misheni yao ya Kibanga, upande wa Ubwari, ilianzishwa mwaka 1883. Lahaja iliyoenea bara iliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, jina walilojipa watu huru wa misafara. Leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa zinazotajwa katika katiba ya Kongo ya mwaka 2006.

Kiswahili cha Baraka kina sifa ambazo msomaji wa Kiswahili sanifu hutambua upesi. Viambishi hubaki na irabu yake: watu husema mutoto na mukate. Tena sauti l husikika pale ambapo Kiswahili cha pwani kimeiangusha: mvula kwa mvua, njala kwa njaa. Sifa hii ya pili itatufaa tunapofika kwenye samaki. Isidhaniwe kwamba ni makosa ya wasiosoma. Lugha za Kibantu zinazokizunguka Kiswahili hicho zimeihifadhi sauti hiyo, na wasemaji wake hutamka wanavyotamka nyumbani.

4. Muhogo na sombe

Chakula kikuu cha Fizi ni bugali wa unga wa muhogo. Muhogo haukuota hapa tangu awali. Ulitoka Amerika, kama mahindi na karanga, na ulifika Afrika kwa meli za Wareno. Mahindi yamehifadhi katika jina lake dhana ya watu wa pwani kwamba yalitoka Uhindi. Majani ya muhogo, ambayo Tanzania huitwa kisamvu, huku huitwa sombe. Hutwangwa na kupikwa kwa mawese muda mrefu. Mboga nyingine ni lengalenga, yaani mchicha, na matembele, ambayo ni majani ya viazi vitamu.

Mvua huanza mwezi wa tisa au wa kumi na kuendelea hadi mwezi wa tano, na kiangazi hushika miezi ya sita hadi ya nane. Kilimo huhesabiwa kwa misimu miwili, A na B, wa kwanza kuanzia Septemba na wa pili kuanzia Februari. Herufi hizo za watumishi wa kilimo zimeingia katika mazungumzo ya kawaida, na mkulima asiyejua kusoma husema bila taabu kwamba maharage ya B yameharibika. Muhogo peke yake hauitii kalenda hiyo. Hukaa ardhini mwaka mmoja au zaidi, na huchimbwa kadiri ya haja. Kwa sababu hiyo umekuwa ghala la chini ya ardhi. Jeshi laweza kuteketeza mahindi yaliyo ghalani kwa saa moja, bali haliwezi kuchimba shamba zima la muhogo. Familia iliyokimbia ikirudi baada ya miezi sita huweza kukuta chakula kikiwa mahali pake.

Lakini muhogo mchungu una sumu, na elimu ya kuiondoa ni sehemu ya urithi. Mizizi humenywa, huvundikwa majini kwa siku tatu au nne hata ilainike, huanikwa, kisha husagwa. Uchachukaji wakati wa kuvundika ndio unaovunja viini vya sumu. Pale ambapo siku hizo hupunguzwa kwa sababu ya njaa, ukame au haraka ya soko, huweza kuzuka maradhi ya konzo, yanayopooza miguu ghafla wala hayaponi. Maradhi hayo yalielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari Trolli katika Kwango, magharibi mwa Kongo. Ilibainika baadaye kwamba hupata hasa watu wanaokula muhogo usiotayarishwa vema bila kitoweo chenye protini, kwa kuwa mwili huhitaji viini vya salfa vilivyomo katika protini ili kuifisha sumu. Hapo desturi ya ufuoni hupata maana mpya: sahani ya bugali na ndagala si ladha peke yake, ni kinga.

Adui mwingine wa muhogo ni batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe na kwa vipande vya shina vinavyopandwa. Majani hujikunja na kuwa na mabaka, na mizizi hubaki myembamba. Anayepanda mashina kutoka shamba gonjwa hupanda na ugonjwa. Kwa hiyo kuchagua mbegu ni kazi ya macho na ya kumbukumbu: kujua ni shamba la nani lililokuwa na majani safi msimu uliopita. Maarifa hayo hupatikana kwa ujirani, na ujirani ukivunjwa hupotea.

Kazi za shamba hufanywa na jamaa, pengine kwa likilimba, yaani kikundi ambacho wanachama wake hulima shamba la kila mmoja kwa zamu. Likilimba hutofautiana na salongo. Hili la pili ni neno la Kilingala lililoenezwa katika enzi ya Mobutu kwa kazi za umma za lazima. Wenyeji hutenganisha maneno haya mawili kwa makini: likilimba ni deni la hiari, salongo ni amri. Kabla ya yote mawili kulikuwa na kilimo cha lazima cha Wabelgiji, kilichowekwa kwa amri ya mwaka 1917, ambacho kililazimisha watu wa nyanda za ziwa kulima pamba chini ya macho ya monitere.

5. Mchikichi na mawese

Ufuo wa Fizi ni nchi ya mchikichi. Mafuta yake huitwa mawese upande huu wa ziwa na pia Kigoma, na umoja huo wa jina wathibitisha jinsi biashara ilivyoziunganisha pwani mbili. Mawese huungia sombe, hutengeneza sabuni, na hulipa karo za shule. Makapi na makaka huwa kuni.

Michikichi mingi ya zamani ni ya aina yenye kokwa nene na nyama kidogo, ambayo wataalamu huiita dura. Kongo ilitoa mchango mkubwa kwa dunia katika jambo hili. Katika kituo cha utafiti cha Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi unene wa kokwa unavyorithiwa. Dura ikizalishwa na pisifera, ambayo haina kokwa ngumu na aghalabu haizai vema, hupatikana tenera, yenye kokwa nyembamba na mafuta mengi. Mashamba makubwa ya Malesia na Indonesia yamesimama juu ya ugunduzi huo.

Kwa mkulima wa Baraka ugunduzi huo una onyo ndani yake. Kokwa zilizookotwa chini ya tenera zikipandwa hazitoi tenera zote. Kama miti iliyochavushana ni tenera tupu, takriban robo ya uzao hurudi kuwa dura, nusu huwa tenera, na robo huwa pisifera. Mkulima hatambui kosa hilo ila baada ya miaka minne au mitano, mti unapoanza kuzaa. Ndiyo sababu miche ya kituoni, ijapokuwa ina bei, huwa rahisi mwisho wa hesabu.

Mchikichi una kazi nyingine isiyopimwa kwa lita. Kwa desturi, mgeni aliyekaribishwa na mwenye ardhi huruhusiwa kupanda mazao ya msimu, kama mahindi na maharage. Haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti hudai ardhi. Mchikichi huishi kuliko aliyeupanda. Safu ya michikichi iliyozeeka huonyesha palipokuwa na boma, hata kama nyumba zimekwisha kuanguka. Mzee hutaja aliyeipanda, na wajukuu hukariri jina hilo.

6. Ndagala: shamba la majini

Samaki mashuhuri wa ziwa hili ni wadogo: spishi mbili ambazo sayansi huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huku huitwa ndagala, ng'ambo huitwa dagaa. Jozi hiyo ya maneno huonyesha uhusiano uleule wa sauti unaoonekana katika njala na njaa, mvula na mvua: l iliyo kati ya irabu mbili hubaki bara na hudondoka pwani. Mwalimu anayefundisha historia ya Kiswahili angeweza kuanza somo lake sokoni Baraka. Samaki mwingine anayependwa ni yule ambaye Tanzania humwita mgebuka na Burundi mukeke, ambaye huwawinda ndagala kama binadamu anavyowawinda.

Uvuvi hufanywa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta wadudu wa majini, na hao huwavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa pote na taa hupoteza nguvu, kwa hiyo siku za mbalamwezi ni siku za kupumzika na kushona nyavu. Asubuhi samaki huanikwa mchangani au juu ya vichanja. Kazi ya kuanika na kuuza ni ya wanawake hasa, na gunia la ndagala wakavu huweza kupanda mlima hadi machimbo ya dhahabu ya Misisi na zaidi.

Hali ya ziwa imebadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kupanda kwa joto kumepunguza uzalishaji wa msingi wa chakula cha samaki kwa takriban asilimia 20. Sababu yake yaeleweka kwa urahisi. Rutuba ya ziwa imelala chini, na pepo za kusi za kiangazi ndizo huikoroga na kuileta juu. Tabaka la juu likipata joto huwa jepesi, huelea juu ya maji baridi kama mafuta, na pepo hushindwa kulichanganya. Nchi nne zinazopakana na ziwa zilitia saini mkataba wa kulihifadhi mwezi wa Juni 2003, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Hatua kama hizo hazitafaa kitu kama mvuvi wa ufuo mmoja atapumzika na mwenzake wa ng'ambo akaendelea.

Ziwa pia hupanda. Katika miaka ya 2020 hadi 2024 maji yalifurika ufuoni na kuharibu nyumba na mashamba. Jambo hili si geni. Mnamo mwaka 1878 ziwa lilikuwa juu zaidi kwa takriban mita 10, kisha lilivunja kizuizi cha Lukuga na kushuka kwa miaka kadhaa. Sehemu za nyanda zinazolimwa leo zilikuwa chini ya maji wakati wa mababu wa wakulima wa sasa. Nchi mpya iliyoachwa na maji ilikaliwa na kulimwa, na haishangazi kwamba ziwa huja kuidai.

7. Jembe na ng'ombe

Katika nyanda za juu, kuelekea Minembwe, ufugaji una nafasi kubwa. Kiangazi kinapokausha malisho ya juu, wachungaji huteremsha ng'ombe kuelekea Lulenge na Ngandja. Kwa desturi mchungaji alimwendea mwenye ardhi, akaomba njia na malisho, akatoa itulo. Itulo ni malipo ya heshima yanayotolewa kwa chifu, aghalabu kwa mifugo, na huonyesha kwamba mgeni anatambua mwenyeji. Likitimizwa vema, mazao ya mkulima hulindwa na ng'ombe hupata majani.

Mkataba huo wa maneno ulivunjika vipande kadiri silaha zilivyoongezeka. Mwenye bunduki haoni haja ya kuomba. Tena pale machifu wawili wanapodai malipo yaleyale, mchungaji hulipa mara mbili na mkulima hapati fidia ya shamba lililokanyagwa. Hapo mgogoro wa malisho hugeuzwa kuwa mgogoro wa kabila. Ni dhahiri kwamba chanzo cha uhasama mwingi si jembe wala ng'ombe, bali kukosekana kwa shahidi anayeaminiwa na pande zote mbili.

8. Urithi wa jadi na wa historia

Wabembe wana vyama vya jadi ambavyo vilikuwa shule, mahakama na hekalu kwa pamoja. Biebuyck aliandika juu ya bwami, ambao Wabembe wanashirikiana na Walega, na juu ya chama cha 'alunga. Ritifaa katika jina hilo husimamia mkato wa pumzi kooni, ambao Ebembe huutumia mahali ambapo lugha jirani huwa na k. Kinyago cha 'alunga kina nyuso mbili, mbele na nyuma, chenye macho makubwa yaliyochimbwa, na huvikwa taji la manyoya na miiba ya nungunungu. Hakikuchongwa ili kitazamwe na kila mtu. Leo vinyago na sanamu kadhaa za Wabembe na majirani zao vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambako kila mtu huvitazama, na vijana wengi wa Baraka hawajaviona.

Milima ya Fizi ina kumbukumbu nyingine pia. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akashuka Kibamba pamoja na wapiganaji wa Kuba ili kuwasaidia waasi. Majina yao ya siri yalikuwa namba za Kiswahili: wenzake wawili waliitwa Moja na Mbili, naye akaitwa Tatu. Aliondoka mwezi wa Novemba mwaka huohuo bila ushindi. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP katika milima hiyo, na makao yake yaliitwa Hewa Bora. Msomaji atazame majina hayo: hata vita vilijisemea kwa Kiswahili.

Misitu nayo ni urithi. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, lakini vijiji vilikuwa ndani yake, na ilibidi mipaka ijadiliwe upya pamoja na wenyeji hadi mwaka 2016. Mwaka huohuo ilianzishwa hifadhi ya Ngandja. Katika mazungumzo ya Itombwe majina ya mito, vilele na mahame yaliyohifadhiwa na wazee yalisaidia kuonyesha ni wapi watu huishi, hulima na kuzika.

9. Uhamisho na kumbukumbu ya ardhi

Vita vilivyoanza katika Kivu ya Kusini mwaka 1996 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi. Kambi ya Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwezi wa Novemba mwaka huo, na vita vya 1998 viliongeza idadi. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha waliotaka, nazo zilitia nanga Baraka. Wengi walirudi, wengi hawakurudi, na wengine walihamishiwa Marekani na kwingineko. Mwaka 2015 Fizi yenyewe ikawa mwenyeji wa wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda.

Aliyerudi alikuta nini? Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na ikaahidi kwamba haki za wanaoishi kwa desturi zitaelezwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi iliyofuata. Hivyo mkulima wa kijijini alibaki kati ya sheria isiyomtaja na desturi isiyoandikwa. Baada ya miaka kumi kambini, alirudi na watoto waliozaliwa Tanzania, waliosoma huko, wanaosema kisamvu na dagaa, na ambao hawajawahi kuona kijito cha babu yao. Shambani alikuta mtu mwingine, ambaye pengine alikimbia kutoka kijiji kingine. Ushahidi uliobaki ulikuwa michikichi na majina.

Ikiwa michikichi ilikatwa na wazee walifia ugenini, ushahidi ulikuwa umekwisha. Mtoto asiyejua jina la kijito hawezi kusema mpaka ulipita wapi. Hapo upotevu wa neno moja huwa upotevu wa shamba.

10. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mazingira, kilimo na urithi wa Fizi vimefungamana na maneno yanayovitaja: kuvundika hubeba maarifa ya afya, ndagala hubeba historia ya sauti, itulo hubeba mkataba wa amani, na jina la aliyepanda mchikichi hubeba haki ya ardhi. Wakusanyaji wa kamusi mara nyingi hutazama pwani kwanza, na hilo laeleweka. Lakini Kiswahili cha ziwani kina mizizi ya zaidi ya karne moja na wasemaji wengi, na hakistahili kuandikwa pembezoni kama makosa.

Yako mambo mawili ambayo vyuo vyetu vinaweza kuyafanya bila gharama kubwa. La kwanza ni kuwatuma wanafunzi kukusanya majina ya vijito, vilima, mahame na aina za mazao, pamoja na masimulizi yanayoyaambata, kutoka kwa wazee wa makabila yote bila kubagua, na kuweka nakala moja kijijini na moja maktabani. La pili ni kufanya kazi hiyohiyo miongoni mwa wazee walioko ng'ambo, kabla kumbukumbu zao hazijazikwa pamoja nao. Orodha kama hizo hazitamaliza ugomvi, wala hazitachukua nafasi ya mahakama. Zitawapa wenye kusuluhisha kitu cha kukishika mkononi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari; na kwa mkulima wa Fizi, daftari hilo kwa muda mrefu limekuwa kinywa cha mzee.